Kimeng'enya cha Profesa

Mtaani kwetu Kitengela tulimwita Profesa, cheo ambacho chuo kikuu alichokitumikia kilikataa kumpa hadi siku aliyostaafu. Sisi tulimpa bure. Tulimpa kwa sababu alitembea ameshika mikono nyuma, kwa sababu alivaa sweta yenye viraka vya ngozi viwikoni hata jua likiwa la kuyeyusha lami, na kwa sababu hakuna mwingine mtaani aliyeweza kutamka neno "kimeng'enya" bila kukwama katikati. Mimi mwenyewe nina digrii mbili za fasihi, na gazeti moja hunitaja chini ya makala zangu kama "mchambuzi wa jamii". Majirani huniita Baba Kevo. Basi mnaweza kukisia jinsi nilivyomwonea wivu.

Tulitenganishwa na ua wa kayaba ambao hakuna kati yetu aliyejisumbua kuupogoa, na mazungumzo yetu mengi yalipitia kwenye tundu lililotobolewa na mbuzi wa mtu. Kupitia tundu hilo nilisomeshwa biokemia nusu ya maisha yangu ya utu uzima. Kemia ilinishinda nikiwa kidato cha nne, na Profesa alilijua hilo. Hakuwahi kulitaja bila furaha.

"Kila chembe hai," alikuwa akisema, "yako, ya ng'ombe, ya kiroboto, inahitaji purini. Ni vitofali. Bila hivyo hakuna DNA, hakuna kitu. Sisi tunaweza kujitengenezea. Kimelea cha nagana hakiwezi. Umenisikia? Hakiwezi! Mbung'o akishakiingiza kwenye damu ya ng'ombe, lazima kiibe."

"Kama jirani ninayemjua," nilikuwa nikimjibu, maana ngazi yangu ilikuwa kwake tangu mvua zilizopita.

"Kizuie kisiibe na umekiua kwa njaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Alitafuta kemikali ya kuziba mdomo wa kile kimelea kinachokondesha ng'ombe wa watu mpaka wanabaki mbavu na pembe. Na ili ajue kama mdomo umezibwa, aliwafuga vimelea kwenye chupa za maabara, akawapa purini, kisha akapima ni kiasi gani kilichobaki baada ya wao kula. Purini haionekani kwa macho. Inahitaji kitu cha kuitafuta na kuikata ili mashine isome, na kitu hicho ndicho kimeng'enya.

Alinieleza kwamba vimeng'enya ni kama mikasi, kila mmoja una nguo yake. Mkasi wa Profesa ulikuwa wa bakteria. Jeni yake ilitolewa kwa bakteria mmoja, ikapandikizwa ndani ya mwingine wa kufugwa maabara, na huyo wa pili akalazimishwa kutengeneza mikasi mingi kuliko anayoihitaji mwenyewe. Baadaye bakteria hao walipasuliwa, na ule uji wao ukapitishwa kwenye bomba la kioo lenye mchanga mweupe laini wa kuchujia, ambao ulishika kimeng'enya na kuacha takataka zipite. Mwisho wa yote ulipata kitone kisicho na rangi kwenye kichupa kisichozidi ncha ya kidole. Siku aliyonionyesha, nilimwambia wazi kwamba ninaona maji.

"Ni maji," alisema. "Lakini haya yamesoma kuliko wewe."

Wenzake chuoni hawakuhangaika kiasi hicho. Waliagiza kimeng'enya kutoka ng'ambo. Kilikuja kwenye barafu, kikakwama uwanja wa ndege wikendi nzima kikisubiri muhuri, na kufikia Jumatatu barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu na kimeng'enya kilikuwa maiti. Walikitumia hivyo hivyo. Waliandika matokeo, wakapanda vyeo. Profesa alikuwa na tabia ya kukaa mstari wa mbele katika semina zao, kunyamaza mpaka mwisho, kisha kunyoosha mkono kwa upole kama mtoto anayeomba kwenda msalani.

"Samahani. Kimeng'enya chako kilikuwa hai?"

Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi mwenye ulimi uliochongwa vizuri, alisema swali hilo ndilo lililomnyima uprofesa wa kweli. Nadhani alisahau swali la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi: "Na chupa isiyo na kimelea ilisema nini?"

Swali hilo nilikuja kulielewa, na nitalieleza kwa sababu kila kitu kilichofuata kimesimama juu yake. Ukifanya jaribio, unaandaa chupa moja yenye kila kitu isipokuwa kimelea. Una purini yako, una dawa yako, una kimeng'enya chako, lakini mwizi hayumo. Mashine ikisoma jambo la ajabu kwenye chupa hiyo, basi unasoma uchafu wako mwenyewe. Wengi waliipima mara moja, wakaridhika, wakaisahau. Profesa aliwaumbua mbele ya wanafunzi wao. Nimesikia kwamba mmoja wao alitoka nje na hakurudi kuchukua hata mkoba.

Na mimi hakuniacha. Kila makala yangu ilipotoka, alikuja kwenye tundu la ua na gazeti limekunjwa kwapani. "Nimesoma. Unasema vijana wa siku hizi hawana subira. Umelinganisha na nani? Chupa yako isiyo na kimelea iko wapi?" Nikimwambia kwamba insha si maabara, alitikisa kichwa kwa huruma ambayo ingemfaa zaidi mgonjwa. "Ndiyo shida ya maneno," alisema. "Yanasoma chochote unachotaka yasome."

Usidhani alikuwa mtu wa kuishi anavyohubiri. Ijumaa jioni alikuwa na kiti chake kwenye kibanda cha nyama choma cha Lemayian, kando ya barabara ya Namanga, na pale aliwahutubia walaji juu ya madhara ya purini huku akitafuna maini. Maini, figo, utumbo, mchuzi wa mifupa, vyote alivitaja kwa majina. Mwili ukishindwa kuvimaliza, alisema, unabaki na asidi inayoganda kama vipande vya chupa kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu.

"Prof, unanifukuzia watu," Lemayian alilalamika, kisu kikiwa juu ya ubao.

"Sifukuzi. Naelimisha."

"Elimisha ukiwa kanisani basi. Hapa ni hoteli. Nikuongeze maini?"

"Ongeza kidogo."

Jumapili ungemwona akienda ibadani mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine ukiwa na kandambili, kidole gumba kimevimba na kung'aa kama nyanya, uso umekunjamana. Ugonjwa wa jongo ulimpata mtu ambaye huenda alijua zaidi juu ya chanzo chake kuliko yeyote kati ya Athi River na mpaka wa Tanzania. Nilipomcheka, alinijibu kwamba kujua na kuacha ni vimeng'enya viwili tofauti.

Hakutupa kitu. Hili lilikuwa jambo la kifalsafa kwake. Maabara yake, niliyoitembelea mara chache, ilifanana na ua wa nyumba ya kupanga siku ya kufua. Glavu za mpira zilianikwa kwenye kamba, vijibomba vya plastiki ambavyo kwingine hutumika mara moja vilioshwa na kupangwa dirishani vikauke, na ule mchanga wa kuchujia, ambao wenzetu wa ng'ambo huubadilisha mara kwa mara, yeye aliuosha kwa chumvi, akauosha kwa dawa, akaurudisha kwenye bomba lake mwaka baada ya mwaka. Alijivunia. Aliwaonyesha wageni. "Huu mchanga," alisema, "ni mzee kuliko baadhi ya wahadhiri wetu, na unafanya kazi zaidi."

"Huyu mwanaume hajawahi kutupa kitu," mkewe aliniambia siku moja akimimina chai. "Unadhani mimi bado niko hapa kwa nini?"

Wanafunzi walimwogopa. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa "si mbaya", na wapo waliohitimu, wakaoa, wakazaa, bila kuisikia. Aliyeisikia mara nyingi ni Naserian. Alikuwa msichana mrefu, mtulivu, mwenye mkono usiotetemeka, aliyetoka boma moja nje ya mji wa Kajiado, upande wa kuelekea Bissil. Alikuja kwake akiwa mwaka wa tatu na akabaki mpaka akaanza uzamifu. Alipoosha bomba, alisema Profesa, hakuhitaji kuoshewa tena. Kwa kinywa kile, huo ulikuwa wimbo wa mapenzi.

Profesa alipojua kwamba baba yake Naserian ana ng'ombe, na kwamba kila kiangazi hushuka nao nyanda za chini kuliko na mbung'o na kurudi na wagonjwa, alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alianza kwenda kule na kisanduku cha barafu kuchukua damu. Mzee wa boma alimruhusu, akamkalisha, akampa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Profesa alirudi Kitengela amenenepa moyo. Kila mara alimwambia yule mzee maneno yale yale, "Dawa iko njiani," na kila mara aliniletea habari hiyo kwenye tundu la ua.

"Chuoni mimi ni kero," aliniambia. "Kule wananingoja."

Nilimwamini. Mtu ambaye ofisi yake ilihamishwa mpaka karibu na choo cha wanaume ana haki ya kungojwa mahali fulani.

Kisha matokeo yakaja. Kemikali moja, iliyofanana kidogo na purini yenyewe, iliziba mdomo wa kimelea. Ilipowekwa kwenye chupa, chakula kilibaki. Vimelea walikuwa wameshindwa kula! Jarida moja la ng'ambo lilichapisha, jina lake likiwa mbele na la Naserian likifuata. Profesa alichinja mbuzi uani, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake ya nyuma, yamebadilika rangi kwa maji yetu ya visima. Naserian aliijenga tasnifu yake yote ya uzamifu juu ya matokeo hayo. Ufadhili wake wa masomo ulikuwa na mwisho, lakini kazi ilikuwa imebaki kidogo tu. Baba yake, nilisikia, alikuwa ameanza kuuliza sherehe itakuwa mwezi gani.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa kwenye baraza ya Profesa, nimefuata ile ngazi, alipoingia Naserian. Hakukaa. Alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Prof, niliomba mchanga mpya kwa maabara ingine. Wakanipatia kidogo."

"Wa nini? Wetu uko."

"Nilitaka tu kulinganisha. Nikatengeneza kimeng'enya upya, na mchanga mpya. Sasa ile kitu imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Imeisha tu. Chakula hakibaki. Vimelea wanakula yote, hata ukiweka dawa. Nikarudia na kimeng'enya yetu ya zamani, ikarudi. Sasa nikaweka dawa peke yake, bila kimelea. Kimeng'enya ya zamani inaisoma, Prof. Inasoma dawa."

Profesa alivua miwani. Mimi, ambaye sikuelewa, nilielewa kwa kumtazama mkewe, aliyekuwa ameacha kumimina chai kikombe kikiwa nusu.

Naserian alinieleza baadaye, polepole, kama unavyomweleza mtu wa fasihi. Yule bakteria wa maabara naye ana mikasi yake ya kuzaliwa. Mmoja wao ulikuwa umenasa kwenye ule mchanga, na kadiri mchanga ulivyooshwa na kurudishwa miaka yote ile ndivyo ulivyozidi kunasa, kisha ukawa unavuja kidogo kidogo na kuingia kwenye kile kitone kisicho na rangi. Mkasi huo uligeuza dawa ya Profesa ifanane na purini. Mkasi wake halali ukaikata, mashine ikaisoma. Alichokuwa akikihesabu kama chakula kilichoachwa na vimelea wenye njaa kilikuwa dawa yake mwenyewe, imekatwa vipande. Vimelea walikuwa wameshiba muda wote.

"Niliipima ile chupa," Profesa alisema. "Isiyo na kimelea. Ilikuwa safi."

"Ulipima lini, Prof?"

Alikuwa ameipima mwanzoni, mchanga ukiwa bado mpya.

Kilichofuata nilikisikia kwa masikio yangu, na ndicho kinachonifanya niandike. Naserian aliweka mkoba chini. Alisema amefikiria. Alisema hili lenyewe ni ugunduzi: uchafu ulitoka wapi, uliingiaje, unawezaje kuudaka kabla haujakudanganya. Maabara ngapi katika nchi hii zinaosha mchanga? "Wacha niandike hii, Prof. Iwe ndiyo thesis yangu. Itanimalizisha. Nikishaiwasilisha tutangaze, mimi na wewe."

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa tunyamaze kidogo tu. Miezi michache."

"Nimewaaibisha watu kwa makosa madogo kuliko hili," Profesa alisema. "Siwezi kukaa nalo hata wiki."

"Si kukaa nalo, Prof. Ni nimalize kwanza."

"Kosa ni langu, binti yangu. Wewe usijali. Jina lako sitalitaja hata kidogo."

Alidhani anampa zawadi. Naserian alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba labda ningeongeza neno. Mimi huwa na maneno mengi nikiwa na siku ya kuwasilisha makala. Siku ile niliitazama ngazi.

Profesa alitangaza. Aliandikia jarida lifute makala yake, kisha akaitisha semina, na akanialika kama mtu anavyoalika jamaa kwenye mazishi. Nilikaa nyuma, karibu na meza ya mandazi. Lazima nikiri kwamba alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza. Alisimama wima, hakusoma popote. "Nimegundua kwamba nilikosea," alisema, na akaeleza mchanga, mkasi uliovuja, dawa iliyojifanya chakula, kila kitu. Nimegundua, nimechunguza, nimethibitisha. Naserian alikuwa mstari wa pili, akitazama viatu vyake. Profesa alitimiza ahadi: jina la msichana halikutajwa.

Alikuwa amejiandaa kupigwa mawe. Wale wote aliowauliza kama vimeng'enya vyao viko hai walikuwa pale, na mwenyekiti ndiye yule aliyeacha mkoba. Mwenyekiti alisimama, akamshukuru mwenzetu kwa mchango wake mkubwa, akaomba makofi, yakapigwa, na akatangaza kwamba chai iko tayari. Hakukuwa na swali hata moja. Watu walinipita wakifuata mandazi, wakizungumza juu ya karo na uhaba wa maegesho.

"Hakuna aliyeuliza," Profesa alirudia njia nzima ya kurudi Kitengela. "Hata mmoja! Mtu anasimama anakiri kwamba ameudanganya ulimwengu, na wao wanakula mandazi." Alikuwa na uchungu ambao sijawahi kumwona nao alipokuwa akinyimwa vyeo. Nafikiri aibu angeiweza. Hakuwa amejiandaa kwa watu wasiojali.

Kamati ya uzamifu ilikutana na Naserian muda mfupi baadaye. Walimwambia, kwa adabu, kwamba tasnifu yake ya kwanza imesimama juu ya matokeo yaliyofutwa. Akaomba aandike juu ya lile kosa. Wakamwambia, kwa adabu ile ile, kwamba jambo hilo limekwisha kutangazwa na msimamizi wake, tena kwa kina, na si kazi mpya. Atafute mada nyingine. Ufadhili ukaisha akiwa anaitafuta. Tulisikia amekwenda Namanga kumsaidia binamu yake, wakala wa forodha, kupitisha malori ya mahindi na vitunguu mpakani. Msichana ambaye bomba lake halikuhitaji kuoshwa mara ya pili.

Nilimwambia Profesa. Nataka iandikwe kwamba nilimwambia, ingawa nilichelewa. "Aliyegundua ni yule msichana," nilisema kupitia tundu la ua.

"Ndiyo. Na nilimkinga. Ungependa jina lake liandikwe kwenye uchafu wangu?"

"Pengine yeye alipenda."

"Wewe ni mtu wa maneno," alisema, na akaenda kumwagilia sukuma wiki.

Alistaafu mwaka huo. Hakumtaja tena Naserian, si kwa chuki, bali kama usivyomtaja mtu unayeamini umekwisha kumfanyia wema. Kilichomkosesha raha ni wafugaji. Alikuwa amewaahidi dawa. Alilirudia jambo hilo mpaka mkewe akahamisha kiti chake cha kushona chumba kingine. Mwishowe, Aprili iliyopita, akaja mlangoni kwangu badala ya kwenye tundu, amevaa koti.

"Nipeleke Kajiado. Lazima nimwambie yule mzee ana kwa ana."

Tulikwenda. Alibeba sukari, majani ya chai na blanketi, na njiani alijifunza hotuba yake kwa sauti, akirekebisha maneno. Mvua ilikuwa imenyesha na nyika pande zote mbili za barabara ilikuwa kijani kibichi, rangi ambayo sisi wa Kitengela huisahau katikati ya vumbi la saruji. Tulipofika bomani, watoto walikuja mbio wakatuinamishia vichwa, kila mmoja akingoja aguswe utosini kama desturi ya kule inavyotaka mdogo amsalimie mkubwa. Profesa aliwagusa wote kwa zamu, kwa raha ya mwenyeji. Mbali kidogo, kwenye zizi la ndama, Naserian alikuwa ameshika ndama miguu huku mtu akimdunga sindano. Kumbe wikendi hurudi nyumbani. Alituona, akapunga mkono, akaendelea na ndama.

"Supai, mzee," Profesa alimsalimia baba yake Naserian kwa Kimaa.

"Ipa. Karibuni. Mmepotea sana."

Tuliketi kwenye viti vya plastiki kando ya nyumba ya mabati. Chai ikaja. Profesa aliisogeza pembeni, akaitoa hotuba yake. Alisema amekuja kuomba msamaha. Alisema alikosea, kwamba alimngojesha mtu mzima kwa matumaini yasiyokuwepo, kwamba ile dawa haipo na haikuwahi kuwepo. Alikwama mahali ambapo njiani alikuwa amerekebisha maneno mara nyingi zaidi.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, fimbo yake ikiwa kati ya magoti.

"Dawa gani?" aliuliza.

"Ya nagana. Nilikuwa nakuambia iko njiani."

"Aa. Hiyo." Mzee alikunywa chai. "Dawa ya ng'ombe mimi nanunua Kajiado kwa duka. Iko siku inasaidia, iko siku inakataa. Hiyo yako mimi sikuwa nangoja."

"Lakini ulikuwa unanipa damu. Kila mara."

"Nilikuwa nakupea. Nilisema, huyu mzee ndiye ako na masomo ya mtoto wangu. Wacha achukue damu yenye anataka." Aliweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa nangoja Naserian amalize."

Profesa alinitazama. Nami safari hii sikuwa na ngazi ya kuitazama.

"Nilisema ukweli, mzee," alisema.

"Alinieleza ulisema. Ulisema vizuri sana, watu wakapiga makofi." Hapakuwa na ukali sautini mwake, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Ukweli ni yeye aliutoa. Sasa yeye ulimwachia aseme lini?"

Chai ya Profesa iliota ngozi juu. Mzee alimwita mtu kwa Kimaa alete nyingine, akatuuliza habari za mvua Kitengela, tukamjibu. Tulikaa muda unaotosha ili isionekane tumekimbia.

Tulipoinuka watoto walirudi, vichwa chini, na Profesa akawagusa tena mmoja mmoja. Naserian alikuja nyuma yao akijifuta mikono kwa kanga. Miaka yote Profesa alipokuja na kisanduku cha barafu, hapa bomani Naserian alimwinamia kama hao wadogo, na mkono wa Profesa ulikuwa umekwisha kuinuka, kiganja kimefunguka. Naserian alisimama wima mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia.

"Safari njema, Prof."

Kiganja kilibaki hewani kidogo. Kisha kikashuka, wakapeana mikono kama watu wawili waliokutana foleni ya benki.